Ziwa la Kuazima

Mwenye boti anayekwenda Folsom Lake huangalia namba moja kabla hata ya kuangalia hali ya hewa. Ni kimo cha maji, kinachohesabiwa kwa futi kutoka usawa wa bahari. Namba ikiwa 466, ziwa limejaa hadi kwenye nyasi na njia zote za kushushia boti zinatumika. Ikishuka hadi 400, boti zote huamriwa kwenda maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, kwa sababu miamba iliyokuwa imelala kwenye kina kirefu sasa inakaribia kuparuza matumbo ya boti. Kati ya namba hizo mbili kuna mita 20 za maji, na kiangazi kimoja kibaya kinatosha kuzimaliza.

Folsom iko kilomita 40 hivi kaskazini-mashariki mwa Sacramento, mji mkuu wa jimbo la California. Bwawa likijaa huenea kilomita za mraba 46 na kuwa na ufuo wa kilomita 120 hivi, wenye pembe na vihori vingi kwa sababu maji yamejaza mabonde ya mikono miwili ya Mto American. Kulizunguka kuna Folsom Lake State Recreation Area, hifadhi ya jimbo ya mapumziko, mojawapo ya zile zinazopata wageni wengi zaidi California. Watu huja kuogelea Granite Bay, kupiga kambi Beals Point, kuegesha boti Browns Ravine, kuvua samaki kwa ndoano, kupanda farasi, kuendesha baiskeli na kuchoma nyama chini ya mialoni. Jumapili ya Juni, joto likiwa limepita nyuzi 38, foleni ya magari yenye matrela huanza asubuhi na mapema.

Ziwa hilo ni la nani? Swali linaonekana rahisi. Ukuta ulijengwa na wahandisi wa Jeshi la Marekani, na mwaka 1956 ukakabidhiwa kwa idara ya serikali kuu iitwayo Bureau of Reclamation, ambayo ndiyo yenye ukuta, maji, na sehemu kubwa ya ardhi iliyo pembezoni. Jimbo la California lilipewa, kwa mkataba, kazi ya kuwaangalia watu wanaokuja kustarehe. Kwa hiyo idara ya hifadhi ina geti la kuingilia, kibanda cha kulipia, vyoo, maeneo ya kambi, waokoaji na askari. Maji hayamo katika hesabu yake. Siku ya kufunguliwa malango, haiulizwi.

Mkataba huo unaeleza mengi kuhusu hifadhi za mabwawa, si hii tu. Mgeni anaona ziwa, mandhari ya asili yenye ndege na machweo. Mhandisi anaona tangi. Hifadhi imekaa katikati, ikiwauzia wageni tiketi za ziwa huku ikijua fika kwamba iliyo nayo ni kingo za tangi la mtu mwingine. Mengi ya kufurahisha na ya kuudhi katika historia ya Folsom yanatokana na hali hiyo.

Kabla ya tangi palikuwa na bonde, na bonde lilikuwa na wenyewe. Wanisenan waliishi katika vilima hivi kwa kuvua samoni na kukusanya mbegu za mwaloni, ambazo walizitwanga kwenye mashimo yaliyochongwa ndani ya mwamba wenyewe. Baadhi ya vinu hivyo vya mawe bado vinaonekana kandokando ya mto. Ujirani wao na mto ulivunjwa kwa kasi ya kutisha baada ya tarehe 24 Januari 1848, siku James Marshall alipoona chembe za dhahabu kwenye mfereji wa kinu cha kupasulia mbao huko Coloma, kwenye mkono wa kusini wa Mto American. Wiki chache baadaye wanaume waliokuwa wametumikia Kikosi cha Wamormoni walipata dhahabu nyingine chini zaidi, kwenye fungu la mchanga karibu na mahali mikono miwili ya mto ilipokutana. Fungu hilo likaitwa Mormon Island. Kufikia 1853 palikuwa na wakazi wapatao 2,500, maduka na hoteli. Mwaka 1856 moto uliuteketeza mji, nao haukujengwa tena kwa ukubwa wake wa kwanza. Waliobaki walikuwa wakulima na wafugaji wachache, na hao ndio wahandisi waliowakuta karne moja baadaye.

Wachimbaji hawakuwa Wamormoni pekee. Watu weusi, wengine huru na wengine waliokuwa wakitafuta uhuru, walishika makarai yao kwenye kingo za mto huu tangu 1849, na majina waliyoachiwa mahali hapo yana historia ndefu na chungu. Fungu moja la mchanga, mkabala na mji wa zamani wa Folsom, liliitwa Negro Bar, na kwenye kumbukumbu nyingine liliwahi kuandikwa kwa neno baya zaidi ya hilo. Hifadhi iliendelea kutumia jina hilo kwenye vibao vyake hadi Juni 2022, tume ya hifadhi za jimbo ilipopiga kura ya kulibadilisha liwe Black Miners Bar. Si kila mtu alifurahi. Miongoni mwa Wamarekani weusi wenyewe walikuwapo waliosema kwamba jina la zamani, pamoja na uchungu wake, ndilo lililokuwa ushahidi wa pekee kwamba babu zao walifika pale, na kwamba kulifuta ni kuwafuta na wao. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo jina jipya linataja wazi kilichokuwa kimefichwa: watu weusi, na kazi waliyoifanya.

Kisa cha makaburi ni kigumu zaidi kukisamehe. Kabla bonde halijafurika, serikali ililazimika kuhamisha makaburi ya vijiji vilivyokuwa njiani mwa maji, na mabaki yakapelekwa mahali papya panapoitwa Mormon Island Relocation Cemetery. Miongoni mwao walikuwamo watu 36 kutoka Negro Hill, kijiji kingine cha wachimbaji. Mwaka 1954 kila kaburi la hao 36 liliwekewa alama ya zege, na juu ya zege hilo serikali ya Marekani iliandika jina la kijiji kwa tusi lile ambalo watu weusi wa nchi hiyo hawalivumilii, ikiongeza kwamba waliohamisha ni serikali yenyewe. Alama hizo zilikaa hapo miaka 57. Ziliondolewa mwaka 2011, baada ya wananchi kulalamika kwa muda mrefu, zikawekwa mpya zenye jina la Negro Hill. Waliozikwa chini yake hawajulikani majina yao.

Folsom ilikwisha kuwa mji wa mabwawa muda mrefu kabla ya bwawa la leo. Gereza lake lilifunguliwa 1880, na wafungwa waliochonga mawe ya graniti ndio waliojenga ukuta wa kwanza mtoni, katika mapatano ambayo kampuni ilitoa ardhi na jimbo likatoa nguvu kazi isiyolipwa. Maji ya ukuta ule yalizungusha mitambo iliyopeleka umeme Sacramento tarehe 13 Julai 1895, umbali wa kilomita 35, kwa nyaya za volti 11,000. Wakati huo umeme wa namna ile ulikuwa bado haujazoea safari ndefu, na mji mkuu ulisherehekea. Kituo hicho kilifanya kazi hadi 1952, na leo ni hifadhi ndogo ya kihistoria, mitambo yake mikubwa myeusi ikiwa bado imekaa sakafuni. Gereza nalo lingalipo. Ndilo aliloimbia Johnny Cash tarehe 13 Januari 1968, na waendesha baiskeli wanaozunguka hifadhi hupita jirani yake kwa njia iliyopewa jina la mwanamuziki huyo, pengine bila kukumbuka kwamba wafungwa wa mahali hapo ndio waliopasua mawe ya bwawa la kwanza.

Bwawa la sasa lilianza kama wazo dogo. Mwaka 1944 Bunge la Marekani liliidhinisha bwawa la kuzuia mafuriko tu, lenye ujazo wa theluthi moja hivi ya lililopo. Mwaka 1949 likabadili nia na kutaka bwawa kubwa la kazi nyingi: kuzuia mafuriko, kumwagilia mashamba, kupeleka maji mijini, kuzalisha umeme. Ukuta wa zege ulipanda mita 104 kutoka msingi, na kwa kuwa vilima vya pale ni vifupi, ilibidi kujenga mlolongo wa kuta za udongo kushoto na kulia ili maji yasitorokee pembeni. Bwawa likijaa hubeba mita za ujazo zipatazo bilioni 1.2.

Wahandisi walikadiria kwamba lingechukua mwaka mzima kujaa mara ya kwanza. Mwishoni mwa Desemba 1955 dhoruba iliipiga kaskazini ya California na ziwa likajaa kwa wiki moja. Siku zilezile, kingo za mto zilibomoka Yuba City, kaskazini mwa Sacramento, na zaidi ya watu 35 wakafa. Sacramento ilibaki salama, ukuta wake mpya ukiwa haujakabidhiwa hata rasmi. Tangu siku hiyo mji mkuu umeliona bwawa la Folsom kama mlinzi wake, na wanaokuja kuogelea humo ni wageni wa mlinzi.

Mlinzi huyo ana ratiba, na ratiba hiyo haipatani na ya wapumzikaji. Kipindi cha mvua za baridi, kuanzia Novemba hivi, bwawa halitakiwi kujaa. Lazima libaki na nafasi ya kutosha ya kupokea gharika, na nafasi hiyo ni kati ya asilimia 40 na 60 hivi ya ujazo wake, kutegemea msimu na hali ya mabwawa ya juu. Masika maji yanaruhusiwa kupanda, theluji ya Sierra Nevada inapoyeyuka. Kufikia Mei au Juni, mwaka ukiwa mzuri, ziwa limefika pale ramani zinapolichora. Halafu kiangazi kinaanza na kila mtu anataka kinywaji: miji ya jirani kama Folsom na Roseville, mashamba ya Bonde la Kati, na Delta, pale mito mikubwa ya California inapokutana na maji ya chumvi ya Ghuba ya San Francisco. Bahari ikisogea ndani ya Delta, Folsom ndiyo inayoitwa kwanza, kwa kuwa maji yake hufika huko kwa siku moja hivi, ilhali yale ya bwawa kubwa la Shasta huchukua siku tano hivi. Kwa hiyo siku za joto kali, watu wanapolihitaji ziwa kuliko wakati mwingine wowote, ndizo siku linaposhuka haraka zaidi.

Ramani ya hifadhi ina udanganyifu wake mdogo hapa. Buluu yake imechorwa kwa kimo cha 466, kimo ambacho ziwa hukifikia kwa wiki chache tu za mwaka, na miaka mingine halikifikii kabisa. Mgeni wa Septemba anaegesha gari ufukweni, anashuka na kapu la chakula, anakuta maji yako mbali, ng'ambo ya uwanja wa changarawe uliochomwa na jua. Ukanda huo mtupu unaozunguka kilima kizima, wenye rangi ya udongo, unafanana na utando wa sabuni kwenye beseni. Miti haioti hapo kwa urahisi: mimea ya nchi kavu hufa maji yakipanda, na ya majini hufa yakishuka.

Katika miaka 70 ukuta umewatisha walinzi wake mara mbili, na mara zote mbili hifadhi ilikuwa mtazamaji. Februari 1986 mvua ilinyesha kwa siku kumi hivi. Kingo za mto kupita Sacramento zilikuwa zimejengwa kustahimili mita za ujazo 3,260 kwa sekunde. Waendeshaji wa bwawa walilazimika kuachia karibu 3,800. Kama hiyo haikutosha, juu ya bwawa, karibu na mji wa Auburn, palikuwa na ukuta wa muda wa udongo uliojengwa kwa ajili ya bwawa jingine ambalo halikukamilika. Tarehe 18 Februari ukuta huo ulizidiwa, ukamomonyoka, na maji yake yote yakaja Folsom kwa mkupuo. Kingo zilishikilia kwa bahati. Baada ya hapo kila hesabu ya usalama wa Sacramento ilibidi ianzwe upya.

Mara ya pili hapakuwa na mvua hata tone. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1995 bwawa lilikuwa karibu kujaa na mfanyakazi mmoja alikuwa akifungua lango namba 3 la utoro wa maji, yaani njia ya kumwagia maji ya ziada, kazi ya kawaida kabisa. Lango likaanza kutetemeka. Mkono mmoja wa chuma uliolishikilia ukapinda, lango likang'oka upande, na maji zaidi ya mita za ujazo 1,000 kwa sekunde yakaanza kumwagika bila namna ya kuyazuia. Hakuna aliyekufa, maana kingo za chini ziliweza kuhimili kiasi hicho, lakini karibu asilimia 40 ya ziwa ilikwenda zake kabla pengo halijazibwa. Uchunguzi ulikuta kosa kwenye kitu kidogo mno kwa ukubwa wa ukuta ule: kutu kwenye pini ambayo lango huzungukia. Kutu ilikuwa imeongeza msuguano mwaka hadi mwaka, grisi haikutosha, na wasanifu wa mwanzo hawakuwa wameuhesabu msuguano huo katika nguvu ya mikono ya lango. Wenye boti waliokuwa na mipango ya Agosti walikuta msimu wao umekwenda baharini.

Matukio hayo yalizaa utoro mpya uliokamilika 2017 kwa gharama ya takriban dola milioni 900. Malango yake sita yako mita 15 chini kuliko yale ya zamani, kwa hiyo waendeshaji wanaweza kuanza kumwaga maji mapema, dhoruba ikiwa bado iko baharini, badala ya kungoja ziwa lipande hadi kwenye malango ya juu. Mwongozo wa uendeshaji uliofuata mwaka 2019 unaruhusu utabiri wa hali ya hewa utumike kuamua nafasi ya kuacha. Kwa wapumzikaji hii ni habari njema iliyokuja kwa mlango wa nyuma: mwaka ambao utabiri hauoneshi dhoruba, maji kidogo zaidi yanaweza kubakishwa hadi masika.

Usalama uliidai hifadhi pia barabara. Watu walizoea kupita juu ya ukuta wenyewe kwa magari, ziwa upande mmoja na korongo upande wa pili, hadi 2003, barabara ilipofungwa kwa hofu ya ugaidi baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Foleni zilijaza mitaa ya Folsom kwa miaka sita, mpaka daraja jipya chini ya ukuta lilipofunguliwa 2009.

Ukame ulifanya kinyume cha yote hayo, nao ndio uliowavutia watu kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwanzoni mwa 2014 California ilikuwa katika mwaka wa tatu wa ukame. Gavana Jerry Brown alitangaza hali ya dharura mwezi Januari. Ziwa likarudi nyuma likaacha misingi ya mawe na matofali, misumari iliyopinda, vipande vya vioo na sahani. Mormon Island, au mabaki ya vijiji na mashamba yaliyoifuata, ilikuwa imetoka majini. Zaidi juu, daraja la zamani la Salmon Falls nalo likaonekana. Watu wakaja kwa mamia, wengine na watoto migongoni, wengine na vifaa vya kutafutia metali. Askari wa hifadhi, ambao kwa kawaida hukagua makoti ya kuokolea maisha, walijikuta wakilinda misumari. Sheria inakataza kuokota chochote cha kale katika hifadhi, na walilazimika kuyarudia maelezo hayo kila siku kwa watu waliokwisha tia kitu mfukoni.

Kwa hadithi ya mahali, hiyo ilikuwa miezi mizuri kuliko yote. Kwa biashara ya boti, ilikuwa balaa. Gati ya Browns Ravine ilikauka. Boti zikaamriwa kuondolewa kabla hazijakalia tope. Desemba 2015 ziwa lilifika chini kuliko wakati wowote tangu lijazwe, asilimia 14 hivi ya ujazo wake. Na miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2016, mvua zilipolirudisha, waendeshaji walianza kumwaga maji ili kuacha nafasi ya mafuriko. Wakazi waliokuwa wamefyeka nyasi za bustani zao kwa ajili ya ukame walisimama darajani wakiangalia maji yakiondoka kwa kishindo, wakauliza kama kuna mtu mwenye akili timamu kwenye malango. Alikuwepo. Ila kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kuhakikisha Sacramento hailali majini. Mahitaji mengine yote hupangwa baada ya hilo. Mwaka 2021 ukame ulirudi na boti zikatolewa tena, safari hii mapema, kabla kiangazi hakijashika.

Samaki nao wamo katika mabishano haya, na wana haki zaidi kuliko boti. Ukuta uliwafungia samoni na trauti wa baharini njia ya kupanda kwenda kuzaa. Fidia yake ni kituo cha Nimbus, chini ya ukuta mdogo wa jina hilo, ambacho tangu 1955 hulea vifaranga vya samaki. Samoni pekee ni kama milioni 4 kwa mwaka. Kila vuli samaki wakubwa, ngozi zimechakaa kwa safari, hufika langoni na kuanza kuruka ngazi ya maji, na watoto wa shule hujipanga kuwaangalia. Wanaozaa mtoni wanahitaji maji ya baridi. Maji ya baridi yako sakafuni mwa ziwa, na yanahesabiwa kama akiba: yakitumika yote Julai, mto wa Oktoba unakuwa wa uvuguvugu na mayai yanakufa. Muogeleaji wa Granite Bay, anayefurahi kwamba maji ya juu yana joto, anaelea juu ya akiba hiyo bila kuigusa.

Kati ya kuta hizo mbili, ule mkubwa wa Folsom na ule mdogo wa Nimbus, kuna Lake Natoma, na hapa ndipo hifadhi ilipopata kitu ambacho ziwa kubwa haliwezi kuahidi. Kazi ya Natoma ni kulainisha mto. Mitambo ya umeme ya Folsom huachia maji kwa kufuata matumizi ya umeme, mengi jioni, machache usiku, na Natoma huyapokea yote kisha kuyatoa kwa mwendo sawa. Matokeo yake ni ziwa jembamba, refu, ambalo kimo chake hubadilika kidogo tu mwaka mzima. Boti zote zinabanwa kwenye mwendo wa maili 5. Kwa hiyo palipokosekana kelele wakaja wapiga kasia: Chuo Kikuu cha Jimbo cha Sacramento kina kituo chake cha michezo ya majini hapo, na mashindano ya vyuo vya magharibi mwa Marekani hufanyika kwenye maji yake. Kandokando kumesimama vilima vya mawe ya mviringo, mabaki ya mashine zilizochota kingo za mto kutafuta dhahabu hadi 1962. Nyasi zimeshindwa kuyafunika. Mtu anayekimbia kwenye njia ya baiskeli, ile ndefu ya kilomita 51 inayofika hadi katikati ya Sacramento, hupita katikati ya taka za machimbo akidhani ni vilima vya asili.

Mfano unaofunza kuliko wote, hata hivyo, uko juu ya Folsom, ambako hakuna ziwa. Mwaka 1965 Bunge la Marekani liliidhinisha bwawa la Auburn, kubwa kuliko Folsom. Ardhi ilinunuliwa, handaki la kugeuza mto likachimbwa, ukuta wa muda ukajengwa. Mwaka 1973 daraja la Foresthill lilikamilika, mita 222 juu ya mto, urefu wa kichaa usioeleweka mpaka mtu akumbuke kwamba lilijengwa kuvuka ziwa. Tarehe 1 Agosti 1975 tetemeko la ardhi lilitokea Oroville, kilomita zipatazo 80 kutoka hapo, na wanajiolojia wakaanza kuuliza maswali kuhusu mwamba wa Auburn ambayo hayakujibika kwa bei nafuu. Kazi ikasimama. Ukuta wa muda ukasombwa 1986, kama ilivyokwisha elezwa. Mwaka 2007 handaki likazibwa na mto ukarudishwa kwenye njia yake; mwaka 2008 jimbo likafuta haki ya maji ya mradi.

Ardhi iliyonunuliwa kwa ajili ya ziwa lile ndiyo leo Auburn State Recreation Area. Inaendeshwa na idara ileile ya hifadhi, kwa mapatano na Bureau of Reclamation ileile. Watu wanateremka mtoni kwa maboya ya mpira, wanachekecha mchanga kwa karai kama wajukuu wa 1849, wanapanda farasi. Mbio za Western States, kilomita 161 za milimani, hupita humo na washindani huvuka mto wakishikilia kamba. Zilianza 1974 pale Gordy Ainsleigh alipokimbia kwa miguu njia ya mashindano ya farasi na kumaliza chini ya saa 24. Kama bwawa lingejengwa, sehemu ya njia hiyo ingekuwa chini ya maji. Hifadhi iliyopangwa kuzunguka ziwa imedumu vizuri zaidi bila ziwa, kwa kuwa mto hauna mtu wa kuufungulia malango kiangazi na kuuacha mtupu. Wapenzi wa Folsom hawapendi kulinganishwa hivi, na wana haki: hakuna familia inayoweza kumwogesha mtoto wa miaka mitatu kwenye maporomoko ya Auburn.

Sasa kuna mgeni mwingine. Oktoba 2024 kome wadogo wenye rangi ya dhahabu, asili yao Asia, waligunduliwa katika bandari ya Stockton, mara ya kwanza Amerika Kaskazini. Wanashika kwenye chuma, kwenye zege, ndani ya mabomba, wanaziba vichujio na mitambo, na husafiri kwa kujibandika kwenye matumbo ya boti. Kwa mwenye tangi, hilo ni tishio kuliko mawimbi ya boti elfu. Kuanzia Aprili 2025 boti za matrela zinazotaka kuingia Folsom na Natoma zililazimika kukaguliwa, kufungwa lakiri na kukaa siku 30 bila kugusa maji yoyote.

Siku 30 ndani ya msimu ambao maji mazuri hayadumu kiasi kikubwa zaidi ya hapo. Wenye boti waliowahi mapema walipata Juni yao. Waliochelewa walikaa nyumbani wakitazama namba ya kimo cha ziwa ikianza kushuka, boti zimesimama uani juu ya trela, lakiri bado haijakatwa.